Hukwe Zawose, Fundi wa Zeze na Ilimba

1. Nchi yake

Hapa Makole, ndani ya mji wa Dodoma, mtoto husikia muziki wa namna nyingi kila siku: wa redio, wa simu, wa vinanda, na wa vipaza sauti madukani. Lakini kabla vyombo hivyo havijaenea, nchi yote ya Ugogo ilikuwa na vyombo vyake yenyewe, tena ilikuwa na mafundi wake. Leo tutasoma habari za mmoja wa mafundi wale, jina lake Hukwe Ubi Zawose.

Mtu huyu hakubuni chombo kipya. Alichukua vyombo vya baba zake, akavitengeneza kwa ukubwa zaidi, akaviongezea sauti, wala hakuviharibu asili yake. Kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, na katika somo hili tutaona sababu yake.

Hukwe alizaliwa yapata mwaka 1938, katika kijiji cha Doduma, katikati ya nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika. Ugogo ni nchi ya uwanda mkavu. Mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Desemba mpaka Aprili, na miaka mingine haitoshi. Wenyeji hulima uwele na mtama, hufuga ng'ombe na mbuzi, na kiangazi huchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Msafiri asiyeijua nchi hii huona vumbi, miiba na mibuyu, akadhani kwamba watu wake ni maskini wa kila kitu.

Dhana hiyo si kweli. Katika kuimba, Wagogo wana utajiri ambao watu wa mbali huja kuusikiliza. Huimba kwa sauti nyingi pamoja. Kila kundi hushika njia yake, na njia zote hupatana. Wanawake hupiga ngoma ziitwazo muheme, wakizibana kwa magoti. Wanaume, kwa desturi, ndio waliopiga zeze na ilimba. Katika vyombo hivi viwili Hukwe alitumia maisha yake yote, basi yatupasa kwanza tuvijue.

2. Zeze na ilimba

Zeze hutengenezwa kwa kibuyu kikavu. Fundi hukikata kibuyu mdomo, huondoa mbegu, kisha hukiwamba ngozi nyembamba juu yake. Mti mrefu huungwa na kibuyu, nao ndio mkono wa zeze. Uzi hutandikwa tangu ncha ya mkono, ukapita juu ya ngozi. Mpigaji hana haja ya kuudonoa uzi kwa vidole. Huusugua kwa upinde mdogo wenye nyuzi za katani, na vidole vya mkono wa pili huugusa uzi ili kubadili sauti. Zeze la zamani lilikuwa na uzi mmoja au nyuzi mbili tu.

Kwa nini pana kibuyu? Jaribu jambo hili. Funga uzi wa chuma baina ya misumari miwili ukutani, ukaudonoe. Utasikia sauti ndogo kama ya mbu. Kisha chukua uzi ule ule, ukaufunge juu ya ngozi ya zeze. Sasa sauti itajaza chumba. Uzi haukupata nguvu mpya, bali ulitetemesha ngozi, ngozi ikatetemesha hewa iliyomo ndani ya kibuyu, na hewa hiyo ikaipeleka sauti nje. Kwa hiyo ubora wa zeze hauko katika uzi peke yake. Uko katika kibuyu, katika ngozi, na katika namna vilivyoungana.

Ilimba ni chombo cha namna nyingine. Ni sanduku la mti lenye uvungu, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba, vimebanwa kwa kipande cha chuma kilichopita juu yao. Mpigaji hulishika sanduku kwa mikono miwili, akavidonoa vyuma kwa vidole gumba. Chuma kirefu hutoa sauti nzito. Chuma kifupi hutoa sauti nyembamba. Fundi akitaka kuishusha sauti ya chuma hukivuta nje kidogo. Akitaka kuipandisha hukisukuma ndani.

Lakini ilimba ya Wagogo ina siri mbili. Siri ya kwanza ni ya buibui. Katika sanduku hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake. Chuma kikilia, utando nao hutetemeka, ukatoa mvumo mwembamba kama wa nyuki. Mgeni akiusikia mvumo ule hudhani ilimba imepasuka. Mgogo asipousikia, hudhani ilimba imekufa.

Siri ya pili ni kubwa zaidi. Si vyuma vyote vinavyoguswa. Vingine vimewekwa palepale juu ya sanduku, wala mpigaji havidonoi kamwe. Kazi yao ni kuitikia. Kila kimoja kimelinganishwa na mwenzake anayedonolewa, hata mwenzake akilia, nacho hutetemeka chenyewe bila kuguswa. Vivyo hivyo kundi la watu huitikia katika wimbo baada ya mwimbaji kuanza. Ndiyo maana ilimba iliyolinganishwa vizuri husikika kama wapigaji wawili au watatu, kumbe ni mtu mmoja.

3. Kujifunza na kutengeneza

Hukwe alikulia katikati ya sauti hizi. Katika vijiji vya Ugogo siku zile, mtoto hakufundishwa muziki kwa kitabu wala kwa alama ubaoni. Alisikia, akajaribu, akakosea, akacheka mwenyewe, kisha akajaribu tena. Wakati wa jua malishoni na wakati wa jioni nyumbani, masikio yake yalikuwa shuleni. Kijana aliyejifunza hivi alijua kupiga, alijua kuimba huku akipiga, na tena alijua kutengeneza chombo alichokipiga. Kazi hizi tatu zilikuwa kazi moja.

Hukwe alikuwa na sauti ya ajabu. Aliweza kuimba kwa sauti nzito ya chini, kisha, katika wimbo ule ule, akapanda mpaka sauti nyembamba kabisa. Pengine sauti hiyo ndiyo iliyomfanya aone upungufu wa vyombo vya kawaida. Ilimba ndogo ya mkononi ilimfaa mtu atembeaye njiani peke yake, akijiliwaza kwa wimbo. Zeze la uzi mmoja lilimtosha mtu akaaye na rafiki zake wachache. Lakini mwimbaji ambaye sauti yake ilipanda na kushuka kama mlima alihitaji chombo kitakachomfuata juu na chini.

Basi Hukwe akavikuza vyombo. Zeze lake likapata nyuzi nyingi kuliko zile mbili za zamani. Ilimba yake ikawa sanduku kubwa, lenye makumi ya vyuma, hata mtu aliyezoea ile ndogo alishangaa kuiona.

Mwanafunzi mvivu atasema: kazi gani hapo? Kuongeza uzi ni kuongeza uzi tu. Lakini hebu tufikiri. Kila uzi unaotandikwa huuvuta mkono wa zeze. Uzi mmoja huuvuta kidogo. Nyuzi nyingi huuvuta kwa nguvu, na mkono mwembamba utapinda, na sauti zote zitaharibika. Ukiufanya mkono uwe mnene, zeze huwa zito, na kibuyu kidogo hakiwezi kuubeba. Ukitafuta kibuyu kikubwa, yakupasa utafute ngozi ya kukifaa. Ngozi nene huizima sauti. Ngozi nyembamba mno hupasuka. Basi atakaye kubadili jambo moja katika chombo hulazimika kuyapima mengine yote.

Katika ilimba mashaka ni yayo hayo. Ukiongeza chuma kimoja cha kudonolewa, yafaa umpatie na mwitikiaji wake. Chuma kikiwa mbali na sauti ya mwenzake kwa kiasi kidogo tu, hakitaitikia. Kitakaa kimya kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Na vyuma vikizidi kuwa vingi juu ya sanduku dogo, uzito wao huizuia mbao isitetemeke. Kwa hiyo sanduku nalo halina budi kukua.

4. Mafundi wa mandolini

Jambo hili halikuwapata Wagogo peke yao. Katika nchi ya Italia, hasa mji wa Napoli, kulikuwa na chombo kiitwacho mandolini, ambacho baadaye kilifika mpaka pwani yetu, kikapigwa katika taarabu. Mandolini ina nyuzi nane, nazo zimepangwa mbili mbili, na kila jozi ina sauti moja. Mpigaji huzidonoa mbili kwa pamoja, na sauti hutoka imejaa kuliko ya uzi mmoja. Waona jinsi watu walio mbalimbali walivyofikia hekima za karibu: Mwitalia aliupa uzi mwenzake wa kulia pamoja naye, na Mgogo alikipa chuma mwenzake wa kukiitikia.

Mandolini ya Napoli ilikuwa na tumbo la mviringo, lililoundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa. Huko Marekani, katika mji wa Kalamazoo, alikuwako mtu aliyeitwa Orville Gibson, aliyezaliwa mwaka 1856. Yeye aliona kwamba mbao zilizopindwa na kugundishwa hazitetemeki vizuri kama mbao iliyochongwa. Akaanza kuuchonga uso wa mandolini uwe na mwinuko kidogo, kama fidla inavyochongwa. Mwaka 1898 serikali ya nchi yake ilimpa hati ya kuilinda kazi hiyo, na alipokufa mwaka 1918 mandolini za namna yake zilikuwa zimeenea mahali pengi.

Gibson na Zawose hawakujuana, wala vyombo vyao havifanani. Lakini wote wawili walijiuliza swali moja, nalo ni hili: chombo hiki kinazuiwa na nini kisiimbe zaidi? Fundi asiyejiuliza swali hilo hutengeneza chombo kama cha jana, na kesho hutengeneza kama cha leo.

5. Jambo ambalo hakulibadili

Sasa tumefika katika jambo lililo kubwa kuliko yote katika habari hizi.

Kinanda cha Ulaya kimegawanywa katika sauti kumi na mbili zilizopangwa kwa nafasi sawasawa. Muziki wa Wagogo haukupangwa hivyo. Sauti zake zimetokana na uzi wenyewe. Uzi mmoja wa upinde, ukipigwa na kuguswa mahali mbalimbali, hutoa sauti zake za asili, moja juu ya nyingine, ambazo hakuna mtu aliyezitunga. Wagogo walizisikia sauti hizo, wakazichagua baadhi yao, wakaimba kwazo, wakalinganisha zeze na ilimba kwazo. Wataalamu waliovipima vyombo hivi, kama Gerhard Kubik wa Austria, walishangazwa na usahihi wa masikio ya mafundi wetu.

Hukwe alipokuwa kijana, mambo yalikuwa yakigeuka. Mijini magitaa yalivuma, na bendi za dansi zilipendwa sana. Katika shule nyingi, kinanda cha Ulaya kilikaa ndani ya darasa, na zeze lilibaki nje mlangoni. Mpigaji wa ilimba aliyetaka kusifiwa mjini angeweza kuvisukuma vyuma vyake kidogo, akavilinganisha na kinanda. Asingehitaji siku nzima. Lakini siku hiyo waitikiaji wangenyamaza, maana wao huitikia sauti iliyo sawa na yao tu. Na nyimbo za Ugogo zingekosa mahali pa kukaa.

Hukwe aliongeza nyuzi, akaongeza vyuma, akakuza sanduku. Lakini sauti zenyewe aliziacha mahali zilipowekwa na wazee. Utando wa buibui nao hakuutupa. Alijua lipi ni upungufu wa kurekebishwa, na lipi ni uhai wa chombo. Wahenga wetu walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa, na mtu huyu alilishika neno hilo kwa mikono yake.

6. Dar es Salaam na Bagamoyo

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata Rais Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, kwa sababu aliona kwamba taifa lisiloimba nyimbo zake limepoteza kitu kisichonunuliwa. Sifa za Hukwe zikamfikia Nyerere, naye akamwita aje Dar es Salaam, akae na kufanya kazi ya muziki huko. Mtu wa Doduma akatoka uwandani akashuka pwani.

Safari hiyo haikuwa nyepesi kwa mtu wala kwa vyombo. Hewa ya Ugogo ni kavu, na ngozi ya zeze hukaza vizuri. Hewa ya pwani ina unyevu. Ngozi hulegea, na sauti hushuka. Fundi wa bara aliyehamia pwani hana budi kuota moto na zeze lake, yaani kuikausha ngozi kabla ya kupiga, tena hulinganisha mara nyingi zaidi. Lakini palikuwa na faida. Watu wa makabila yote ya nchi sasa walisikia muziki wa Wagogo, nao waliokuwa wakiudharau wakaanza kuusikiliza.

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, mji wa kale wa pwani. Hukwe akawa mwalimu huko, akafanya makao yake katika mji huo. Kwa mwalimu, chombo kizuri hakitoshi. Sharti awepo mtu wa kukipokea. Aliwafundisha wanafunzi, na nyumbani aliwafundisha jamaa zake, wakubwa kwa wadogo, hata nyumba yake yote ikawa kama kundi moja la waimbaji.

7. Sifa za mbali na mwisho wake

Baada ya hayo alisafiri nchi nyingi. Huko Uingereza mwanamuziki Peter Gabriel, mwenye kampuni ya kutoa muziki wa mataifa mbalimbali, aliupenda muziki wake. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilitoa nyimbo za Hukwe kwa jina la Chibite. Mwaka 2002 ikatoa nyingine kwa jina la Assembly, ambazo alizifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada, mpigaji wa gitaa na fundi wa vyombo vya umeme. Katika kazi hiyo ya pili ilimba na gitaa la umeme vilikaa pamoja. Ilimba haikugeuka ili imfuate gitaa. Kila kimoja kilisema kwa lugha yake, wakasikilizana.

Hukwe Zawose alikufa Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Lakini vyombo vyake havikunyamaza. Wanawe na wajukuu wake waliendelea kupiga na kutengeneza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa nyimbo zao wenyewe kwa jina la Maisha. Kumbuka tuliyoyasoma mwanzoni: kwa desturi zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Basi hapo napo pameongezeka kitu, na sauti za Ugogo zimebaki zile zile.

Enyi wanafunzi, huenda hakuna hata mmoja wenu atakayekuwa mpiga zeze. Mmoja atakuwa seremala, mwingine mwalimu, mwingine mkulima wa zabibu hapa Dodoma. Lakini kila mmoja atapokea kazi ambayo wengine waliianza kabla yake. Hapo jiulizeni maswali mawili aliyoyajibu Hukwe kwa maisha yake: katika kazi hii ni lipi lenye upungufu, ambalo yafaa nilitengeneze? Na ni lipi ambalo nikiligusa, kazi yenyewe itakufa?

Maswali

1. Kwa nini uzi uliofungwa ukutani hutoa sauti ndogo kuliko uzi wa zeze?
2. Taja siri mbili za ilimba ya Wagogo, ueleze kazi ya kila moja.
3. Fundi akiongeza nyuzi katika zeze, ni mambo gani mengine yampasa kuyapima?
4. Nyuzi za mandolini na vyuma vya ilimba vinafanana kwa jambo gani? Vinatofautiana kwa jambo gani?
5. Ingetukia nini kama Hukwe angelinganisha ilimba yake na kinanda cha Ulaya?
6. Uliza wazee wa mtaa wako habari za chombo kimoja cha muziki wa kwao. Andika jinsi kinavyotengenezwa.